Kidonda Kisichopona Kisifichwe

Wahenga wetu walisema: mficha maradhi, mauti humuumbua. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mikutano ya hadhara, nasi hutikisa vichwa kwa kukubali, kisha kila mtu akarejea kwake na maradhi yake. Leo safu hii inakusudia kuyazungumza maradhi ambayo kwa tabia yake hayafichiki, na bado tunayaficha. Maradhi hayo ni saratani ya ngozi.

Saratani nyingi hujificha zenyewe. Ya ini hukua ndani ya tumbo pasipo mtu kujua, na ya mapafu huweza kujifanya kikohozi cha kawaida. Ya ngozi hukaa juu ya sikio, kwenye mdomo wa chini, nyuma ya kiganja au katika kovu la mguu, pahala ambapo huonwa na mke, mwalimu, sheha na katibu wa tawi. Ikiwahiwa ingali changa, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Ikicheleweshwa, hula ngozi, ikala mfupa, ikaingia katika tezi na hata katika mapafu. Basi mtu anapokufa kwa saratani ya ngozi, hatuna budi kuulizana: ni nani kati yetu ambaye hakuiona?

Mwandishi wa safu hii ana sababu yake ya kuuliza. Katika chuo alichosomea Kurani alikaa jamvi moja na mtoto mwenye ualbino. Tulikuwa tukisomea barazani, na jua la asubuhi lilipotufikia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea, nasi tukimcheka. Alisoma kwa kuusogeza msahafu hadi puani kwa sababu macho yake hayakuona vyema, lakini kwa kuhifadhi alitushinda sote. Skuli ya Serikali haikumwendea hivyo. Kwa kuwa alikuwa mrefu aliwekwa dawati la nyuma, maandishi ya ubaoni hakuyaona, na alipoanguka mtihani wa kidato cha pili tukasema kwamba hana akili. Akaishia kuvunja kokoto na kufanya vibarua vya ujenzi, kazi ambazo zote ni za juani.

Mwaka 2008 mimi nilikuwa na dhamana katika tawi letu la Chama. Tulipojenga banda la skuli kwa nguvu za wananchi, nilipanga zamu za kazi kwa mkono wangu. Yeye nilimweka zamu ya adhuhuri ya kuchanganya zege, siku kumi na mbili mfululizo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kulalamika. Aliniomba mara moja tu nimbadilishie, apewe kazi ya alfajiri. Nikamjibu kwamba kazi ya kujenga taifa haichagui saa. Maneno hayo nayakumbuka hadi leo kwa sababu siku ile nilijiona nimesema vizuri.

Mwaka 2010 lilimtoka gamba gumu mbele ya sikio la kushoto. Alilibandua, likarudi. Kituo kimoja cha afya kilimpa marhamu, kisha marhamu nyengine, kisha vidonge, kwa muda wa miezi minane, bila ya mtu yeyote kukata kipande na kukipeleka maabara. Mganga wa kienyeji naye akampa majani ya kubandika. Alipofika hospitali kubwa kidonda kilikuwa kimekwisha kula nusu ya sikio, na shingoni pana tezi ngumu yenye ukubwa wa yai. Alivushwa bahari akapigwa mionzi, lakini wakati ulikwisha pita. Alifariki mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 32, akaacha mke na watoto wawili.

Sisimulii haya ili kumlaumu tabibu fulani au kituo fulani. Nayasimulia kwa sababu katika mnyororo ule wa makosa na mimi nilikuwa pete mojawapo, na kwa sababu najua kwamba kila pete ya mnyororo huo inaweza kukatwa kwa elimu ambayo tayari tunayo.

Neno lenyewe saratani tumelichukua kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule yule tunayemwona pwani maji yakitoka. Wayunani wa kale walitangulia kuuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa vile donge lake hunyoosha miguu pembeni na kung'ang'ania nyama. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, alifundisha katika kitabu chake cha Kanuni kwamba donge la saratani linaweza kukatwa likiwa lingali changa, na kwamba anayelikata hana budi kuondoa pamoja nalo nyama yote iliyokwisha guswa. Karibu miaka elfu imepita, na msingi wa tiba ya saratani ya ngozi ungali huo huo: kuwahi, na kukata hadi kwenye nyama nzima.

Historia inatufundisha jambo la pili. Mwaka 1775 mpasuaji wa London aitwaye Percivall Pott alieleza saratani ya ngozi iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi katika korodani zao. Walikuwa ni watoto wa maskini, waliotumbukizwa ndani ya mabomba hayo wangali wadogo kwa sababu ya wembamba wa miili yao, na masizi yalikaa katika mikunjo ya ngozi yao miaka nenda miaka rudi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani kuonyeshwa wazi kwamba inatokana na kazi ya mtu. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwalinda watoto hao mwaka 1788, lakini haikusimamiwa, na watoto wakaendelea kupanda mabomba kwa miongo mingi baadaye. Viongozi wanaosoma safu hii nawaomba waiweke habari hiyo akilini, kwa sababu nitairejea.

Sasa tuitazame ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu limejengwa kwa seli nyembamba zilizopangana kama magamba ya samaki. Chini ya seli hizo kuna nyengine zinazotengeneza rangi nyeusi iitwayo melanini. Rangi hiyo ni mwavuli ambao Mwenyezi Mungu amewakunjulia watu wa nchi za jua kali. Miale ya jua ile isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita urujuanimno, inapoipiga ngozi, melanini huizuia isifike kwenye kiini cha seli. Pasipo na melanini, miale hupenya na kuharibu maandishi ya urithi yanayoiamuru seli lini izaliane na lini isite. Uharibifu mdogo hurekebishwa na mwili wenyewe. Ukirudiwa kila siku kwa miaka mingi, hatimaye hutokea seli moja isiyosikia amri tena, ikazaana bila ya mpaka. Tangu mwaka 1992 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka mwanga wa jua katika orodha ya vitu vilivyothibitika kuwasababishia binadamu saratani.

Kwa Wazungu, aina ya saratani ya ngozi inayotokea zaidi ni ile inayoanzia katika seli za chini kabisa za tabaka la juu, ambayo hukua polepole na ni nadra kusambaa. Kwetu sisi Waafrika inayoongoza ni ile ya seli bapa za juu, na hiyo ndiyo iliyomuua mwenzangu. Hiyo husambaa, na ndiyo inayohusu zaidi makala haya. Huwapata watu wetu kwa njia mbili zilizo tofauti, na kila mmoja wetu anapaswa kuzijua.

Njia ya kwanza ni jua juu ya ngozi isiyokuwa na rangi. Mtu mwenye ualbino amerithi hali hiyo kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, hata kama wazazi hao wenyewe ni weusi tii. Wazazi wawili wanaobeba urithi huo wana nafasi moja katika nne, kwa kila mimba, ya kupata mtoto mwenye ualbino. Hapana laana ndani yake, hapana jini, wala hapana mwanamke aliyekosa uaminifu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino katika Tanzania. Madaktari wa Dar es Salaam waliowachunguza watu mia kadhaa wa hali hiyo walieleza mwaka 1985 kwamba dalili za ngozi kuharibiwa na jua huonekana tangu mtoto hajamaliza mwaka wake wa kwanza. Seuze mtu aliyevunja kokoto miaka kumi na mitano.

Visiwa vyetu viko kiasi cha nyuzi 5 hadi 6 tu kusini ya ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hutusimamia utosini. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale hiyo, ambapo kuanzia 3 mtu hutakiwa kujikinga na kuanzia 11 ukali huitwa wa kupindukia. Adhuhuri ya kwetu huvuka 11 mara kwa mara. Tena mchanga mweupe tunaojivunia mbele ya wageni hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya miale iliyouangukia, na povu la mawimbi asilimia 25. Hata chini ya maji, kwa kina cha nusu mita, miale hiyo ingali na kiasi cha asilimia 40 ya nguvu yake. Kilimo cha mwani, ambacho kilianza kwa biashara Unguja mwaka 1989, kimewapatia wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vyengine vya pwani fedha mikononi mwao. Lakini mwenye ualbino anayesimama katika maji ya magoti kufunga mbegu za mwani hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja.

Njia ya pili haina uhusiano na jua, na huwapata watu weusi wa kila namna. Ni kovu la zamani au kidonda sugu. Mpasuaji wa Kifaransa, Jean-Nicolas Marjolin, alivieleza vidonda vya namna hiyo mwaka 1828, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Mtu huungua moto angali mtoto, akapona, akabaki na kovu pana. Miaka ishirini au thelathini baadaye kovu hilo hupasuka, likatoa kidonda kisichofunga, na kingo zake zikainuka na kukauka kama jiwe la matumbawe. Kidonda cha mguu kilichodumu miaka, na tundu la usaha wa mfupa lisiloziba, huweza kufikia mwisho huo huo. Katika ngozi nyeusi, saratani ya seli bapa hutokea mara nyingi katika makovu na vidonda vya miguuni, pahala ambapo nguo hufunika na aibu hufunika zaidi.

Namjua mama mmoja, mkulima wa mwani, aliyeunguzwa na banda la jikoni lililoshika moto alipokuwa msichana mdogo. Kovu lake la muundi lilipasuka akiwa na umri uliopita miaka arobaini. Watu wakamwambia ni donda ndugu, wengine wakasema kuna mtu amemtegea. Muuguzi kijana wa zahanati ya kijiji, baada ya kukitazama kidonda, hakumpa marhamu. Alimuuliza maswali mawili: kovu hili lina miaka mingapi, na kidonda hiki kina wiki ngapi? Aliposikia majibu alimwandikia barua siku hiyo hiyo. Mama yule alikatwa kipande, ikathibitika kuwa ni saratani changa, akafanyiwa upasuaji na kubandikwa ngozi iliyotolewa pajani mwake. Leo huchechemea kidogo, lakini anatembea kwa miguu yake miwili hadi shambani kwake baharini. Maswali mawili ya muuguzi yule hayakuigharimu Serikali hata senti moja.

Zipo dalili ambazo kila mtu wa nyumbani anaweza kuzitambua bila ya chombo chochote. Ya kwanza ni kidonda ambacho wiki nne zimepita nacho hakijapona. Ya pili ni gamba gumu linalorejea kila likibanduliwa, hasa usoni, masikioni, mdomo wa chini, shingoni na nyuma ya mikono. Ya tatu ni kinundu kinachokua wiki hadi wiki, kigumu kwa chini, kinachotoa damu kwa kuguswa kidogo tu. Ya nne ni kovu la zamani lililoanza kupasuka, kunuka au kuuma upya. Mwenye ualbino huongezewa dalili moja: mabaka makavu yenye kukwaruza kama msasa katika sehemu zinazopigwa na jua. Hayo bado si saratani, ila ni mlango wake, na yakitibiwa mapema mlango hufungwa.

Hata hivyo jicho peke yake, liwe la mama mzazi au la daktari bingwa, halitoshi kuthibitisha. Uthibitisho hutoka maabara. Tabibu hupiga sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo, kikitoka kwenye ukingo wa kidonda, kwani nyama ya katikati mara nyingi imekwisha kufa na haisemi kitu. Kipande hutiwa katika chupa yenye dawa ya formalini, kikaandikwa jina la mgonjwa na mahali kilipotolewa. Maabara hukatwa vipande vyembamba mno, vikatiwa rangi, na mtaalamu akavitazama kwa hadubini. Ripoti yake inapaswa kueleza ni saratani ya aina gani, imezama kina gani, na kama seli zake zimeasi sana au kidogo. Tabibu naye hupapasa tezi za shingoni, kwapani au kinenani kwa kufuata upande wa kidonda, ili ajue kama maradhi yameanza kusafiri. Donge lililozidi sentimita 2 kwa upana, au lililo juu ya sikio, mdomo au kovu la zamani, huhesabiwa kuwa la hatari zaidi.

Hapa hatuna budi kuizungumza khofu moja iliyoenea. Wengi wetu tumesikia kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa, na kwamba fulani alikuwa mzima mpaka alipokatwa. Ukweli ni kwamba fulani alipelekwa kukatwa maradhi yakiwa yamekwisha sambaa, kwa sababu alicheleweshwa na khofu hiyo hiyo. Kukata kipande cha uchunguzi hakuigeuzi saratani ya ngozi kuwa mbaya zaidi. Kinachoigeuza kuwa mbaya ni kalenda.

Tiba iliyo bora ni upasuaji. Donge huondolewa pamoja na ukingo wa ngozi nzima unaolizunguka, kwa kawaida milimita 4 kwa donge dogo lisilo la hatari, na milimita 6 au zaidi kwa lililo la hatari. Nyama yote iliyotolewa lazima irejeshwe maabara, ili ijulikane kama kingo zake ni safi. Mgonjwa anayo haki ya kuuliza: je, kingo zilikuwa safi? Asiogope kuuliza. Zikiwa si safi, hukatwa tena. Pengo dogo hushonwa, na pengo kubwa huzibwa kwa ngozi ya kubandika. Upasuaji mwingi wa madonge machanga hufanywa kwa ganzi ya mahali tu, na mgonjwa akarejea kwake siku hiyo.

Yale mabaka ya kukwaruza ambayo ni mlango wa saratani hayahitaji kisu. Huunguzwa kwa baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina nyuzi 196 chini ya sifuri, au hupakwa krimu ya fluorourasili kwa muda wa wiki kadhaa. Ama saratani iliyozama sana, au iliyoingia katika tezi, huhitaji upasuaji mkubwa zaidi, ukifuatiwa aghalabu na mionzi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Visiwani wanaohitaji mionzi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Matibabu hayo huchukua wiki kadhaa, siku baada ya siku. Mgonjwa wa Micheweni hulazimika kufikiria nauli ya gari na ya boti, pahala pa kulala, chakula cha anayemuuguza, na watoto aliowaacha. Wengi hukatia njiani. Wanaohesabu gharama za Serikali na wahesabu na hiyo: kila saratani iliyokatwa ikiwa changa katika hospitali ya hapa hapa ni safari moja ya mionzi iliyoepukwa.

Aliyetibiwa asidhani kwamba amemaliza. Ngozi iliyozaa saratani moja huweza kuzaa nyengine, kwa hivyo mgonjwa hurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi michache katika miaka ya mwanzo, na mwenye ualbino huchunguzwa ngozi yake yote angalau mara mbili kwa mwaka katika uhai wake wote, hata kama haumwi na kitu.

Mintarafu ya kinga, iliyo bora kuliko zote ni rahisi kuliko zote. Mwenye ualbino aepukane na jua kuanzia saa nne za asubuhi hadi saa kumi za jioni. Avae mikono mirefu, kanzu au suruali ndefu, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Kofia ya barakashia, kwa heshima yake yote, haifuniki sikio. Kofia pana ya ukili hufunika, nayo husukwa na mama zetu wenyewe wala haihitaji fedha za kigeni. Juu ya hayo apake mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga kisichopungua 30, ayarudie kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi, lakini hayazuii miale, na mzazi asimpake mwanawe akadhani amemkinga.

Kwa mwenye kovu la moto au kidonda sugu kinga ni nyengine: kidonda kitibiwe hadi kifunge, kovu pana linalopasuka-pasuka libandikwe ngozi mapema, na mabadiliko yoyote yaonyeshwe hospitali.

Sasa nawageukia viongozi wa Chama na Serikali, nikijihesabu miongoni mwao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nchi hii ilitangaza kwamba matibabu ni haki ya kila mwananchi pasipo malipo. Ahadi hiyo haitimii kwa kumpa mtu marhamu ya bure kwa miezi minane. Yapo mambo manne ambayo yamo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mafuta ya kukinga jua yahesabiwe kuwa ni dawa, yaagizwe pamoja na dawa na yagawiwe katika vituo vya afya kwa wenye ualbino, kama vile mwenye kisukari anavyopewa dawa yake. Anayeyaweka katika fungu la vipodozi hajapata kuona sikio lililoliwa. Kule Moshi, katika Hospitali ya KCMC ambako kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilianza mwaka 1992, katika muongo wa 2010 ilianzishwa karakana ndogo ya kutengeneza mafuta hayo, yakaitwa Kilisun, na yakagawiwa kwa wenye ualbino. Basi jambo hilo limewezekana ndani ya nchi yetu.

Pili, kila kituo cha afya kiwe na kanuni moja iliyobandikwa ukutani: kidonda kisichopona kwa wiki nne hakipewi marhamu ya pili kabla ya kuonwa na mwenye uwezo wa kukata kipande. Chupa za vipande ziandikwe katika daftari, zipande boti zikiwa na mwenye dhamana, na majibu yafuatiliwe kwa tarehe. Kipande kilichopotea njiani ni sawa na mgonjwa aliyefukuzwa mlangoni.

Tatu, walimu wakuu waruhusu kofia na mikono mirefu kwa wanafunzi wenye ualbino, wawaweke dawati la mbele, na wasiwasimamishe juani katika mistari ya asubuhi na maandalizi ya sherehe. Mtoto aliyesoma hupata kazi ya kivulini. Aliyeanguka kwa kutoona ubao hurudi juani maisha yake yote. Kwa hivyo dawati la mbele nalo ni tiba ya saratani.

Nne, sisi wa matawi na masheha tuwajue watu wetu kwa majina. Tujue ni nani katika shehia mwenye ualbino, ni nani mwenye kovu kubwa la moto, na ni nani mwenye kidonda cha mguu kisichofunga. Tukipanga zamu za kazi za umma, tupange kwa akili. Umoja wa Mataifa uliamua mwezi wa Disemba 2014 kwamba tarehe 13 Juni iwe siku ya kimataifa ya ualbino. Siku hiyo huwa tunasoma hotuba. Yafaa siku hiyo hiyo tabibu akae pembeni, chini ya mwembe, achunguze ngozi za waliohudhuria, na hotuba zifupishwe. Tena lile jina baya tulilokuwa tukiwaita wenzetu hawa tuliache kabisa, kwani anayeitwa jina la dharau huona haya kutoka mbele za watu, na akiona haya huficha kidonda.

Nilisema kwamba nitaikumbusha ile sheria ya Waingereza ya mwaka 1788. Sababu ni kwamba waraka mzuri ukikosa msimamizi hauokoi mtu. Masizi hayakusoma sheria, na jua nalo halisomi nyaraka zetu. Inahitajika mtu aliye macho katika kila kituo, kila skuli na kila tawi.

Banda la skuli tulilolijenga mwaka 2008 lingalipo, na watoto wanasoma ndani yake kivulini. Mmoja wao ni mtoto wa yule mwenzangu. Yeye hana ualbino, lakini katika darasa lake yumo msichana mwenye hali hiyo. Juma lililopita nilipita pale, nikamkuta amekaa dawati la mbele, na kofia ya ukili ameitundika kwenye msumari ukutani. Nilimuuliza mwalimu ni nani aliyeagiza. Akanijibu kwamba hapakuwa na agizo, ila mama yake mtoto alikuja, akaeleza, naye akaelewa.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako au jirani yako huenda yuko mtu mwenye gamba lisiloondoka, au kovu lililoanza kupasuka. Leo jioni mtazame, umuulize lina wiki ngapi. Zikiwa zimepita nne, kesho mpeleke.